Kuta ni zake, kiwanja ni cha Baraza

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Msemo huo ulinijia Jumamosi moja asubuhi nikiwa nimesimama mbele ya nyumba moja ya zamani mtaani Majengo, Pumwani, nikipiga hodi. Kwa mlango wake, kusema kweli, nyumba hiyo haina la kujivunia. Ubao wa chini umeliwa na mchwa, komeo limekazwa kwa waya, na mabati ya paa yameshika kutu hata yakafanana rangi na udongo wa kuta. Mgeni angedhani ni ghala la mchuuzi wa Gikomba.

“Karibu, mwanangu, usisimame juani,” sauti ilinijibu kutoka ndani.

Aliyenikaribisha ni nyanya aliyepita miaka themanini. Aliniomba nisitaje jina lake gazetini wala nambari ya nyumba, kwa sababu kuna ndugu hawajaelewana juu ya urithi. Nimemtii. Hata hivyo, kisa cha nyumba yake ni kisa cha nyumba nyingi za Majengo, na ndicho kilichonifanya nitembee kwa miguu kutoka kituo cha mabasi cha Country, nikapenya katikati ya marundo ya mitumba na maseremala wa vitanda wa Gikomba, hadi nikatokea Pumwani jasho likinitiririka.

Ukivuka kizingiti cha nyumba hiyo unaingia ukumbini, njia pana iliyonyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani. Vyumba vimepangwa pande zote mbili, vinne kulia na vinne kushoto, kila kimoja na mlango wake na kufuli yake. Chumba cha kwanza kulia ni cha mwenye nyumba. Hilo si jambo la bahati. Anayelala hapo husikia kila anayeingia na kila anayetoka, na mpangaji aliyechelewesha kodi hawezi kunyata apite bila kujulikana. Uani kuna jiko, bafu, choo na kamba za kuanika nguo. Mbele, chini ya ukingo wa paa, kuna baraza ya kukalia, ambapo wazee huzungumza jioni na watoto wa chuo hukariri masomo yao.

Kuta zenyewe ni nguzo na fito zilizofungwa, zikajazwa udongo, zikakandikwa na kupakwa chokaa. Pale chokaa ilipobanduka unaweza kuona fito kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Udongo una sifa ambayo matofali ya saruji hayana. Nje jua lilikuwa kali, lakini ukumbini palikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Katika pembe moja ya jiko, kipande cha paa bado ni cha madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigwa misumari, kila debe likilalia jenzake kama magamba ya samaki. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za Majengo zilivyoezekwa zamani, kabla wenyewe hawajamudu mabati.

Aliyewahi kutembea Kariakoo ya Dar es Salaam au Majengo ya Mombasa atasema nyumba hii anaijua. Naam, ni nyumba ya Kiswahili, na ilipanda bara pamoja na watu wake. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, walikuja wapagazi, askari, wapishi na wafanyabiashara kutoka pwani, wakaja pia Wanubi waliokuwa wanajeshi. Serikali ya kikoloni haikuwajengea makao. Walijijengea wenyewe katika vijiji vilivyozunguka mji, kama Pangani, Maskini, Mombasa na Kileleshwa. Mkikuyu, Mkamba au Mnandi aliyekuja mjini kutafuta kazi alipanga chumba katika nyumba ya namna hiyo, na alipopata chake akajenga vivyo hivyo. Ramani ilimfaa kwa sababu ya faida yake. Nyumba ya ukumbi inaweza kuanza na vyumba viwili, ikaongezwa viwili vingine pesa zikipatikana, na kila chumba kinaleta kodi yake bila kuvuruga faragha ya kingine.

Wakuu wa mji hawakuvipenda vijiji hivyo. Walivilaumu kwa uchafu na maradhi, na hawakufurahia kuona Waafrika wakiishi mahali ambapo hawakupangiwa. Ndipo mapema katika miaka ya 1920, Pumwani ikapimwa iwe ndiyo makao rasmi ya Waafrika wa Nairobi, na watu wa vijiji wakaanza kuamriwa wahamie huko. Baraza lilipima viwanja kwa mistari, likachonga barabara, likaweka vyoo na mifereji ya maji. Nyumba zilijengwa na wananchi wenyewe kwa pesa zao.

Hapo ndipo fumbo la nyumba hii linapoanza, na ningeomba msomaji alishike vizuri. Aliyejenga Pumwani alimiliki kuta, paa, milango na kila msumari. Ardhi haikuwa yake. Alipewa kibali tu cha kukaa juu ya kiwanja, akakilipia kodi kwa Baraza, na kibali kiliweza kuondolewa. Watu hudhani kwamba wazee wa Majengo walijenga kwa udongo kwa kuwa hawakujua mawe. La hasha! Mawe ya Nairobi yalichongwa na mikono ya Waafrika hao hao. Lakini ni nani mwenye akili timamu atakayejenga kwa mawe juu ya kiwanja ambacho anaweza kuambiwa akiache? Udongo ulikuwa hesabu ya mtu anayejua kwamba yuko njiani. Ajabu ni kwamba njia hiyo imechukua miaka mia moja.

Nyumba ya nyanya huyu haikujengwa na mwanamume. Aliyeijenga ni mwanamke aliyekuja Nairobi akiwa peke yake, ambaye nyanya humwita mama ingawa hakumzaa. Jambo hili huwashangaza wageni, lakini halimshangazi mtu wa Majengo. Tangu siku za Pangani, sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Mtafiti Janet Bujra, aliyeandika juu ya Pumwani katika miaka ya 1970, alilieleza hilo, na Luise White akalirudia kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu wanawake wa Nairobi kilichochapishwa mwaka 1990. Wanawake hao walipata fedha kwa kupika pombe, kuuza chakula, kupangisha vyumba na, tusifichane, wengi kwa kuuza miili yao katika mji uliojaa wanaume walioacha wake zao mashambani. Fedha hiyo hawakuipeleka yote kwao. Waliizika katika kuta za udongo.

Nchini kote wakati huo, mwanamke aliyerithi au kununua shamba kwa jina lake mwenyewe alikuwa nadra kama jogoo wa kutaga. Mjini, kwenye kiwanja cha Baraza ambacho hakikuwa cha ukoo wa mtu yeyote, aliweza. Wengi walisilimu na kupata jamaa mpya mjini, jamaa wa msikitini na wa mtaa, watakaomzika na kumkumbuka. Walilea watoto wa ndugu na watoto wa wapangaji, na hao ndio walioachiwa nyumba. Kwa hivyo ukitafuta historia ya umiliki wa nyumba ya Majengo kwa kufuata jina la baba, utapotea kwenye kizingiti. Inabidi ufuate ni nani aliyempikia uji mwenye nyumba alipokuwa mgonjwa.

Nyanya alinionyesha ushahidi wake. Aliutoa chini ya kitanda, ndani ya mkebe wa biskuti ambao picha yake ilikwisha kufutika. Humo hamna hati miliki. Mna stakabadhi za kodi ya kiwanja, mafungu kwa mafungu, zimefungwa kwa uzi. Nikaketi kwenye kigoda nikazipitia, na kwa muda wa nusu saa nilisoma historia ya jiji bila kufungua kitabu. Zile za zamani kabisa zimeandikwa jina la Baraza la Manispaa. Baadaye linatokea Baraza la Jiji, kwa kuwa Nairobi ilitangazwa kuwa jiji mwaka 1950. Kisha ni Tume ya Jiji, iliyoshika usukani kutoka mwaka 1983 hadi mwaka 1992 baada ya madiwani kufukuzwa. Baraza likarudi, na tangu mwaka 2013 ni Serikali ya Kaunti. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kulikuwa na idara nyingine tena iliyotwikwa kazi za jiji. Mwenye ardhi amebadilisha jina mara hizo zote. Anayelipa ni nyumba ile ile.

Nilimwuliza kama hajawahi kuogopa kuondolewa. Alinijibu kwamba hofu hiyo aliikuta nyumbani kama alivyokuta jiwe la kusagia. Mamake aliijua Pangani.

Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwaka 1938 na 1939. Wenye nyumba, wengi wao wakiwa wanawake wa makamo waliojenga kwa jasho la ujana wao, walipatiwa makao katika mtaa mpya wa Shauri Moyo. Wenyeji husema jina hilo lilitokana na chaguo walilopewa: ukitaka hamia, usipotaka ni shauri la moyo wako. Nyumba za Shauri Moyo zilikuwa imara kushinda za Pangani, lakini zilikuwa na ncha iliyofichwa ndani ya asali. Mwenye nyumba aliyetoka Pangani alipewa kukaa na kupangisha maisha yake yote, na akifa nyumba inarudi kwa Baraza. Yule aliyekuwa na nyumba mbovu ya kumwachia mtoto sasa alikuwa na nyumba nzuri ya kufia. Nadhani hakuna hesabu iliyowauma zaidi, na Majengo iliwatazama majirani zake na kujifunza.

Pigo jingine lilikuja alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, majeshi ya Waingereza yalipouzingira mji katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa kwa maelfu wakapelekwa kuchunguzwa, na wengi hawakurudi ila miaka mingi baadaye. Kwa nyumba ya vyumba vinane, kuondolewa kwa wapangaji namna hiyo ni sawa na shamba kukosa mvua. Nyanya, aliyekuwa mtoto mdogo, anakumbuka vyumba vyenye kufuli na vitu vya watu ndani, na mamake akikataa kuvivunja.

Kutoka hapo nilishuka Shauri Moyo, nikavuka barabara ya Jogoo, iliyokuwa ikiitwa Doonholm enzi za ukoloni, nikaingia Kaloleni. Nilitaka kuiona familia ya pili, ambayo fumbo lake ni la Majengo likiwa limepinduliwa juu chini.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na kwa macho tu utajua kwamba hapa fikira zilikuwa nyingine. Nyumba ni za mawe na paa za vigae vyekundu, ziko chini chini, na hazikupangwa kwa mstari kama mabehewa bali zimezunguka viwanja vya majani, na miti mikubwa ikitoa kivuli. Msanifu wake, A.J.S. Hutton, alifuata mtindo wa Kiingereza wa mji wenye bustani, na sehemu ya kazi ya mikono ilifanywa na Waitaliano waliotekwa vitani. Kabla yake, nyumba za Baraza zilijengwa zaidi kwa ajili ya mwanamume asiye na mke, kitanda juu ya kitanda. Kaloleni ilikubali kwamba mfanyakazi Mwafrika ana mke na watoto, na kwamba watoto wanahitaji mahali pa kucheza. Katikati kuna ukumbi wa jamii, na humo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye alitiwa mbaroni.

Katika nyumba niliyoitembelea, babu aliingia kama mpangaji akiwa karani, mwanawe akazaliwa humo, na sasa mjukuu analea watoto wake chini ya vigae vile vile. Vizazi vinne! Wamezika watu kutoka nyumba hiyo na kuoza mabinti. Hata hivyo hawamiliki jiwe moja. Ni wapangaji wa Kaunti, kama babu alivyokuwa mpangaji wa Baraza, na jina kwenye kadi ya kodi limepita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kana kwamba ni shamba. Nyuma, kwenye ua wa kupandia sukuma wiki, wameongeza vyumba vitatu vya mabati na kuvipangisha. Kwa hivyo mpangaji naye ni mwenye nyumba. Nilicheka, na mwenyeji wangu akacheka pia, ingawa yeye alicheka kidogo tu. Hao wa vyumba vya mabati wakisikia habari za kubomolewa, hawana hata kadi ya kuonyesha.

Wapo wana Eastlands waliobahatika kushika vyote viwili, kuta na ardhi. Mradi wa Dandora ulioanzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uligawa viwanja 6,000 hivi vya mita mraba 100 hadi 160, vingi vikiwa na choo na bafu peke yake, na mwenyewe akaambiwa amalizie. Mtazame huyo leo. Mwenye uhakika wa ardhi hakujenga kwa udongo. Alijenga kwa mawe, akapandisha ghorofa, na ghorofa juu ya ghorofa hata jua likakosa njia ya kushukia uani. Kama Majengo ingepewa hati mwaka 1922, nashuku kwamba nyumba za ukumbi zingekwisha zamani. Zimedumu kwa sababu wenyewe walinyimwa uhakika wa kuzibomoa.

Sasa inasemwa kuwa zamu yao imefika. Si mara ya kwanza. Sehemu ya Pumwani ya kale iligeuzwa kuwa mtaa wa California, na kutoka miaka ya 1980 Shirika la Nyumba la Taifa lilianza kusimamisha magorofa Majengo penyewe. Mabishano kuhusu nani apewe na alipe kiasi gani yalivuta miaka mingi. Magazeti mara nyingi yaliwachora watu wa Majengo kama wakaidi wasiotaka maendeleo. Ningependa anayesema hivyo afanye hesabu ya nyanya wetu. Ana vyumba vinane. Kimoja analala, kimoja ni cha wajukuu, sita vinampa ugali, dawa na karo. Ukimpa fleti ya vyumba vitatu ndani ya ghorofa, safi, yenye bafu la vigae, atakuwa na pa kulala na hatakuwa na chakula. Tena ataanza kulipa mkopo akiwa na umri wa miaka themanini na kitu. Na warithi ni sita. Vyumba vinane vinagawanyika, vikigombaniwa kidogo. Fleti moja utaigawaje?

Wapangaji wa Baraza nao wameona mfano karibu. Mwaka 2020 ujenzi wa nyumba mpya ulianza Pangani, ndiyo, Pangani ile ile, baada ya familia 48 za wapangaji wa zamani kuondoka ili yajengwe magorofa ya nyumba zaidi ya 1,500. Wapangaji hao waliahidiwa kupewa kipaumbele katika kununua. Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho watu huzungumza habari za Pangani kama wakulima wanavyozungumza mawingu. Nilimwuliza mwenyeji wangu wa Kaloleni angechagua nini. Alisema hana ugomvi na ghorofa. Anachotaka ni karatasi yenye jina lake kabla trekta halijawashwa, si baada.

Nilirudi Majengo jioni kumrudishia nyanya stakabadhi mbili nilizokuwa nimeziazima ili nipigishe picha. Nilimkuta mjukuu wake wa kiume, kijana wa chuo, amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga udongo uani. Alikuwa akikandika upya ukuta wa ukumbini uliolainika wakati wa mvua. Nikamtania, kwani hajasikia kwamba watabomolewa? Akasema amesikia tangu alipokuwa darasa la kwanza, na mpangaji wa chumba cha nne analalamikia upepo.

Nyanya alizihesabu stakabadhi mara mbili, akazifunga kwa uzi wake, akafunika mkebe. Kisha akaniomba nipitie mlango wa uani, kwa sababu ukutani udongo ulikuwa bado mbichi.